Kifungo cha Koti

4 Machi

Mvua ya kwanza imenikuta leo kwenye mzunguko wa sokoni, nikiwa na mwanafunzi wa wiki ya pili. Badala ya kuwasha waipa, amefumba macho. Nimekanyaga breki ya upande wangu. Magari ya shule yetu ya udereva yana breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, na kama si hiyo ya pili mimi ningekuwa marehemu zamani.

Jioni nimepita kwa Mama kumpelekea sabuni. Alikuwa kwenye cherehani yake anashona sare za shule, miwani imeteremka mpaka ncha ya pua. Hakuinua kichwa.

"Gia," akasema, "nataka unifundishe kuendesha gari."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ndiyo maana nimeanza kuandika leo: Mama ana miaka sitini na sita, anaogopa hata kupanda kiti kubadilisha taa, na siku akikana kwamba alisema maneno haya nataka niwe na ushahidi.

Chanzo cha yote ni Bwana Ustawi, yaani afisa ustawi wa jamii anayesimamia wasichana wanaoletwa na mahakama kulelewa majumbani. Kliniki ya ushauri imehamia ng'ambo ya mto kusikofika basi, na msichana aliye kwa Mama sasa lazima aende huko kila Jumatatu na Alhamisi. Kanuni yao inasema katika kila nyumba ya malezi lazima alale mtu mwenye leseni ya udereva. Zamani alikuwepo Baba. Baba alifariki mwaka jana, gari lake dogo la bluu limefunikwa turubai uani, na Mama hajafunua hata kona. Bwana Ustawi amekubali mimi nimpeleke msichana kwa muda. Muda wenyewe ni mpaka mwisho wa Mei, mvua zikiisha. Baada ya hapo, kama nyumba haina dereva, msichana anarudishwa mahabusu ya watoto.

"Mahabusu harudi mtu," akasema Mama, akakata uzi kwa meno.

7 Machi

Mtafiti fulani amenipigia simu nikiwa nakunywa chai. Anafuatilia wasichana waliopitia nyumba kama ya Mama, aone wamekuwaje baada ya miaka. Ana sauti ya adabu kama muuza bima.

"Katika miaka mitano iliyopita, umewahi kukamatwa na polisi?"

"Mara tatu. Trafiki. Makosa ya wanafunzi wangu."

Nikamsikia anaandika.

"Na katika malezi yale, ni kitu gani kimebaki na wewe mpaka leo?"

"Vifungo."

"Pole sana, dada. Ulifungwa muda gani?"

Chai ilinipalia. Ikabidi nimweleze kwamba ni vifungo vya nguo. Mama ni fundi cherehani. Juu ya dirisha la jikoni huwa pana chupa ya kioo, na kila msichana anayekuja anaanza na chupa tupu. Umeamka bila kuamshwa, kifungo cha shati. Umetandika kitanda, kingine. Umemaliza kazi ya shule, kifungo cha sketi. Ukitukana mtu, unarudisha. Jumamosi unavibadilisha: saa moja ya simu, kwenda sinema, kutembelewa na ndugu. Kipo pia kifungo cha koti, cheusi, kinene kama biskuti, na hicho hutolewa kwa jambo moja tu. Umeambiwa hapana, na hukubisha. Mimi katika kukaa kwangu kote nilipata viwili.

Akauliza kama mambo hayo yalinisaidia. Nimesema sijui, na kweli sijui. Niliingia nyumba ile nina miaka kumi na minne, nimeletwa na askari kwa sababu niliondoka na gari la mikate, mikate ikiwa ndani. Leo nalipwa kufundisha watu kuondoa gari. Hapo katikati sijui kulitokea nini.

9 Machi

Somo la kwanza. Mama amekuja na mkoba mkononi na viatu vilivyopakwa rangi, kama anakwenda harusini. Nyuma amekaa msichana, kwa sababu wasichana wapya hawaachwi peke yao nyumbani. Tunamwita Nukta. Kila anachosema anakifunga hivyo: sili, nukta. Sitaki, nukta. Ana miaka kumi na minne, miguu mirefu kama bikari, na hiyo miguu ndiyo aliyokuwa akikimbilia na simu za abiria pale stendi.

Nimemweleza Mama klachi, nimemweleza gia, nimemweleza kioo. Ameitikia kila kitu kwa kichwa. Kisha akaachia klachi na gari likaruka kama chura, likazima.

"Tumefika wapi?" akauliza, macho mbele.

"Bado tuko getini," akasema Nukta. Ni sentensi ya kwanza kumsikia akisema bila nukta.

12 Machi

Mama amegonga ndoo. Ilikuwa ndoo yake.

16 Machi

Mvua tangu asubuhi. Hakuna somo, kwa hiyo tumekaa jikoni tukipepeta mchele, na Nukta amesimulia mwenyewe kisa chake cha siku ya kwanza. Nakiandika kisipotee.

Hakimu alikuwa amempa kifungo cha nje. Yeye alielewa hivi: huendi jela, lakini ukikosea tena, kifungo kipo kinakusubiri. Basi akafika kwa Mama na mfuko wake, na Mama, kwa furaha yake yote ya kupokea mgeni, akamwonyesha chupa na kumwambia, "Mwanangu, hapa kwangu hakuna siku utakayolala bila kifungo. Ukitandika kitanda, kifungo. Ukiniamkia vizuri, kifungo. Ukisaidia vyombo, viwili."

"Nikasema huyu bibi ni mwendawazimu," akasema Nukta. "Kuosha vyombo vifungo viwili? Bora wizi."

Akatoroka kwa dirisha la chooni. Mama alimkuta amenasa kiunoni, nusu ndani nusu nje, akamwuliza kwa upole kama anahitaji mafuta ya kupikia ili ateleze.

Nilicheka mpaka mchele ukamwagika, maana na mimi nilielewa vilevile enzi zangu, ila mimi sikutoroka. Nilikaa kitandani na viatu vyangu nikihesabu miaka mingapi nitafungwa kwa kupiga mswaki. Nesi naye, aliyekuja baada yangu na ambaye sasa ni nesi wa kweli wodi ya wazazi, alimwambia Mama atakata rufaa. Miaka yote hii Mama amewatisha wasichana kwa neno lilelile na hajafikiria kulibadilisha.

"Nilibadilishe kwa nini?" akasema. "Kifungo ni kifungo. Kinashika nguo isifunguke mbele za watu."

20 Machi

Nimempigia Mama kelele leo. Alikuwa anaingia barabara kuu bila kutazama kulia, nikasema "Mama, unataka kutuua?" kwa sauti ambayo hata wanafunzi wazembe siwapi. Tuliporudi alikwenda moja kwa moja kukaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Hiyo ndiyo kanuni ya nyumba: ukikasirika unakaa ngazini, na hakuna anayekusemesha, mpaka uweze kusema kilichokukasirisha kwa sauti isiyoamsha mtoto mchanga. Kanuni ni ya wote. Baba alikuwa anakaa pale na gazeti.

Nilioga, nikala, nikaosha sahani. Ndipo akaingia.

"Gia, mimi ni mwanafunzi wako," akasema kwa sauti ile ya mtoto mchanga. "Usinifanye nijione mjinga. Mimi sikukufanyia hivyo."

Ni kweli, hakunifanyia. Nimeona haya mpaka masikio.

23 Machi

Nimempeleka Mama gerezani kumwona Pilipili, kama kila mwezi. Pilipili ndiye msichana wa kwanza kabisa kulelewa na Mama. Mama huchukua mmoja mmoja tu, anasema wawili wakikaa pamoja watafundishana. Pilipili alikaa vizuri, akaondoka vizuri, akafungua saluni, na miaka ikapita, akarudi kwenye mambo ya hati bandia. Mtafiti sijui atamweka safu gani.

Amenenepa kidogo na bado anachekesha watu. Aliposikia Mama anajifunza gari alishika kichwa.

"Mwambie asinipe kifungo kingine," akaniambia. "Ninacho cha miaka mitatu."

Mama alicheka naye. Njiani kurudi tulifika darajani, mto umejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa.

"Sijamaliza naye yule," akasema.

Zamani nilikuwa nikidhani Mama hajui kushindwa kwa sababu hajawahi kushindwa. Leo nimeona anajua sana, na bado anabeba sabuni na kanga mpya kila mwezi.

28 Machi

Mvua. Mama amegeuza gari mwenyewe uwanjani. Ameangusha kigingi kimoja, lakini amegeuza.

3 Aprili

Jambo la leo nimelipanga wiki nzima. Nimemwambia Mama habari ya leseni aiache, mimi nitarudi kukaa kwake. Leseni ninayo, kanuni itatimia, Nukta atabaki. Chumba changu cha zamani kipo, chenye dirisha la uani. Nilisema kwa haraka kama mtu anayenunua kitu kabla bei haijapanda.

Mama aliacha kushona.

"Na nyumba yako?"

"Ni ya kupanga tu, Mama. Vyumba viwili."

"Ina mlango wako na ufunguo wako. Ulinionyesha ule ufunguo mara ngapi siku ile? Hapana, Gia."

"Lakini Mama, sikiliza kwanza."

"Nilikulea uondoke. Ukirudi kwa ajili ya kanuni ya Ustawi, mimi nilifanya kazi gani?"

Nikabisha. Nilibisha juu ya macho yake, juu ya mgongo wake, juu ya Baba, na hilo la Baba sikupaswa kulisema. Nukta alikuwa mlangoni anasikiliza yote.

"Huyu hapati kifungo cha koti," akasema.

11 Aprili

Mtihani. Mama ameanguka, na ameanguka kwa namna ambayo sijawahi kuiona katika kazi hii.

Mtahini ni askari mnene, mpole, ameshika ubao wake. Waliondoka vizuri. Mama aliwasha indiketa, akatazama vioo, akapita mzunguko wa sokoni bila hata kukwaruza hewa. Kisha mwenye lori nyuma yake akapiga honi na kutoa kichwa dirishani na kumwambia bibi akapike. Mama akawasha indiketa, akaegesha taratibu, akavuta hendibreki, akazima gari. Akamgeukia mtahini.

"Samahani, mwanangu. Nimekasirika. Naomba nikae kidogo."

Wakakaa. Mtahini anasema hajui kwa nini hakusema kitu. Kulikuwa na utulivu fulani, akajikuta na yeye anafikiria mambo ya nyumbani kwake. Mama alipomaliza hasira alishukuru, akawasha gari, akaendelea.

Tatizo ni kwamba aliegesha kituo cha basi. Abiria walikuwa wamejaa, mabasi matatu yamepanga nyuma yanapiga kelele. Ukisimama kituo cha basi kwenye mtihani umeanguka papo hapo, hata uwe malaika.

"Uegeshaji wenyewe ulikuwa mzuri mno," mtahini ameniambia, kwa huzuni ya kweli.

Jioni Bwana Ustawi amefika, amekunja mwavuli, amesema mtihani mwingine ni baada ya wiki nne, na yeye kwa wajibu wake lazima aanze kuulizia nafasi mahabusu. Hakusema kwa ubaya. Nukta alikuwa anakausha vyombo, akaendelea kukausha sahani moja hiyohiyo.

12 Aprili

Niandike polepole.

Mchana Mama amepiga simu: Nukta ametoka shule, amefika nyumbani, ametupa begi jikoni, hayupo. Nilikuwa na mwanafunzi yule anayefumba macho. Nikamwambia leo somo ni kutafuta mtu, endesha, na ukifumba macho nakushusha. Aliendesha vizuri kuliko siku zote.

Tumekwenda stendi kwanza, maana ndiko alikokuwa akikimbilia. Mvua ilikuwa inapiga kama mtu anamwaga beseni. Nimeuliza wauza karanga, makuli, mama mmoja wa chai anayemfahamu kwa jina lake la zamani. Hakuna aliyemwona. Tumekwenda sokoni, tumekwenda chini ya daraja wanakolala watoto, nimeshuka na viatu kwenye matope nikiita. Nesi amepiga simu kutoka wodini, amesema hospitali hayupo, nashukuru Mungu. Nilikuwa naona wazi itakavyokuwa. Wataandika ametoroka malezi, hakimu atatoa kile kifungo kilichokuwa kinasubiri, na kesho kutwa atakuwa ndani. Na Mama ataanza kubeba sabuni za watu wawili kila mwezi.

Nikarudi nyumbani nimelowa chapachapa. Mama alikuwa amesimama uani chini ya paa la jikoni, ameshika shati la shule. Alikuwa ameshona mkono wa shati mahali pa kola. Hakulia. Ni lile shati ndilo lililonitisha, kwa sababu Mama hakosei mshono.

"Sijamwita polisi bado," akasema. "Kuna kitu kinaniambia ningoje."

Ndipo honi ikalia. Kidogo tu, pii, kutoka chini ya turubai.

Tulitazamana. Ikalia tena, na sauti ikasema "aah, samahani," sauti ndogo.

Mama akavuka uwanja kwenye mvua. Gari ambalo hajaligusa tangu mazishi, amelivuta turubai kwa mikono miwili, maji yote yaliyojikusanya juu yakatumwagikia. Nukta alikuwa ndani, amekunja miguu kwenye kiti cha abiria, kiwiko kimegonga honi.

"Nilikasirika," akasema kupitia kioo. "Ngazini kunanyesha."

Mchana kutwa nimezunguka mji mzima namtafuta mtoto aliyekuwa anafuata kanuni. Mama alisimama kidogo, mkono kwenye mlango. Kisha akazunguka upande wa dereva, upande wa Baba, akaingia, akafunga. Waliongea sana. Mimi nilibaki nje na mvua yangu, sikusikia neno, niliona tu midomo, na mara moja Nukta aliegemeza kichwa begani kwa Mama na kukiondoa upesi kana kwamba kimeungua.

Baadaye dirisha likashuka.

"Mama anasema uende ndani ujifute. Anasema unatia huruma."

Nimelia bafuni kwa furaha, sina haja ya kuficha. Mwanafunzi wangu tulimsahau garini nje ya geti. Ameegesha vizuri.

15 Aprili

Tumerudi masomoni. Katikati ya barabara Nukta akasema kutoka nyuma, "Nikuambie kitu, Dada Gia, hutakasirika?"

"Sema."

"Mama hajawahi kusimamisha gari. Breki zote unapiga wewe. Naona mguu wako."

Nikasema si kweli. Mama akapunguza mwendo kwenye taa, nami nikatazama mguu wangu wa kulia. Ulikuwa umeshakanyaga.

"Kumbe," akasema Mama. Basi.

Nimefikiria siku nzima. Nilikuwa nadhani namlinda. Lakini kama Mama hafaulu, anayerudi kulala chumba cha dirisha la uani ni mimi, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshachagua mpaka pazia. Nilikuwa nikijiambia Mama ananihitaji. Mguu wangu ulijua zaidi. Ni mimi niliyetaka kuamka tena nisikie cherehani, na mtu anikague kitanda.

Nimemwambia Mama hivyohivyo, kwa sauti ya mtoto mchanga. Alinivuta sikio kama zamani, akasema chakula cha Jumapili kipo siku zote na sihitaji leseni kukila. Kisha akasema kuanzia sasa tutatumia gari la Baba. Lina breki moja.

20 Aprili

Fundi ameleta betri mpya, maana ile ya zamani ilibakiza nguvu ya honi tu, na gari la bluu limewaka baada ya kukohoa. Kiti cha dereva kilikuwa bado kimewekwa kwa miguu ya Baba. Mama amekaa, miguu haifiki. Amekaa hivyo muda, mikono mapajani, hakuna aliyemharakisha. Kisha akashika chuma cha chini na kukivuta kiti mbele mpaka kikalia tak.

Mimi nimevua viatu na kukunja miguu juu ya kiti. Mama amesimama kwenye taa zote. Moja alisimama ikiwa ya kijani, lakini alisimama mwenyewe.

2 Mei

Mvua zinapungua, zinakuja mchana na kuondoka. Nukta ameomba kwenda kulala kwa rafiki yake wa shule, Mama amesema hapana. Tukasubiri. Nukta akafungua mdomo, akaufunga, akaenda kuosha masufuria yote hata yaliyokuwa safi. Mama amemtolea kifungo cha koti, cha kwanza. Amekitia kwenye chupa kikalia kwa sauti ya kutosha majirani.

9 Mei

Mtahini ni yuleyule. Mimi nilibaki ofisini, siwezi kutazama. Nukta alisimama kwenye uzio na huu ni ushahidi wake.

"Umekasirika leo, Mama?" mtahini akauliza kabla hajafunga mkanda.

"Bado, mwanangu."

Wakaenda. Wakarudi. Mama alishuka, akafunga mlango, akajaribu kama umefunga, akaja hadi kwenye uzio, uso kama mtu aliyetoka msibani. Mama akafungua mkoba, akatoa leso, akapangusa miwani, akaivaa.

"Nimefaulu," akasema. "Twendeni nyumbani, sare za watu hazijaisha."

Nimepiga vigelegele mpaka mkuu wa shule ya udereva ametoka ofisini kwake. Nesi amelia kwenye simu. Nimemtumia mtafiti ujumbe kwamba kama bado anakusanya habari, msichana wangu amefaulu. Amejibu akiniuliza ana umri gani. Nimemwambia sitini na sita.

11 Mei

Bwana Ustawi ameishika leseni, ameigeuza mbele na nyuma, ameitazama picha, amemtazama Mama. Nukta anabaki mwaka mzima, na ukiisha watazungumza tena. Alipoondoka, Nukta amemsindikiza hadi getini na mwavuli, bila kuagizwa. Mama amesema hicho ni kifungo. Nukta amesema hakufanya kwa ajili ya kifungo, nukta.

13 Mei

Jumatatu, siku ya kliniki. Nimeomba ruhusa kazini, nikafika kwa Mama asubuhi na mapema, nikaingia gari la bluu kiti cha mbele na kufunga mkanda. Mvua ilikuwa nyepesi, ya kumalizia.

Mama akaja na mkoba wake. Akakaa, akatazama vioo vyote vitatu, akanitazama na mimi kama kioo cha nne.

"Shuka," akasema.

"Nawasindikiza leo tu, Mama. Siku ya kwanza. Daraja lina utelezi."

"Hapana."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na mengi: malori, lami iliyomong'onyoka baada ya daraja, kwamba hajawahi kwenda mbali hivyo bila mimi. Nikaona mikono yake juu ya usukani. Imetulia. Imeshika pale nilipomfundisha kushika.

Nikafungua mkanda, nikashuka. Nukta akahamia mbele, akakunja miguu yake ya bikari.

Gari likaruka mara moja, likazima, likawaka tena, likaenda. Nimesimama kwenye tope nikitazama indiketa ya kulia ikiwaka kama inavyotakiwa, na nilikuwa na furaha ambayo sikuitegemea. Getini taa za breki zikawaka. Likasimama. Nukta akatoa mkono dirishani, akaniita.

Nikakimbia. Nilidhani Mama amebadili mawazo.

"Lete mkono," akasema Nukta.

Akanitilia kitu kiganjani, cheusi, kinene kama biskuti.

"Cha nini hiki?"

"Umeambiwa hapana, hujabisha."

Nikamtazama Mama. Mama alikuwa anatazama barabara.

"Usinitazame mimi," akasema. "Kimetoka kwenye chupa yake. Alikuwa nacho kimoja tu."

"Nukta," akasema Nukta, akapandisha kioo.

Wakaondoka. Hiki ni cha tatu.